Haki Kazini: “Bosi anasema ananiwekea mshahara”

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wafanyakazi wa nyumbani, na moja imetoka kwa mwajiri, ambaye namshukuru kwa sababu waajiri huwa hawaandiki. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: niliingia Dar es Salaam mwaka 1989 nikitokea Iramba, nikiwa na miaka 15, na nilifanya kazi za ndani miaka kumi na mmoja kabla sijaingia kwenye shughuli za chama cha wafanyakazi. Ninajibu kwa sheria za Tanzania Bara. Wa Unguja na Pemba, ninyi mna Sheria ya Ajira yenu ya mwaka 2005, na barua zenu nazijibu peke yake.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 21, natoka Kondoa. Nimefanya kazi Mbezi miezi minane. Tulikubaliana kwa mdomo shilingi 50,000 kwa mwezi, kula na kulala kwake. Miezi mitano nililipwa. Mitatu ya mwisho mama akawa anasema, “Nakuwekea, siku ya kwenda kwenu utazikuta zote.” Mdogo wangu alipougua nikaziomba. Akasema nimeota mapembe, akanitoa siku hiyo hiyo saa mbili usiku. Hii ni wiki ya tatu nalala kwa rafiki yangu. Sina mkataba. Watu wananiambia beki tatu hana kesi.
*Aliyefukuzwa, Kimara*

Marahaba mwanangu. Una kesi, ila una siku chache, kwa hiyo nianze na la haraka. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ufukuzwe. Nenda Jumatatu asubuhi. Usisubiri bosi apoe, usisubiri mjomba aje kutoka Kondoa. Omba fomu namba moja, ijaze, nakala yake apelekewe mwajiri. Hulipi ada na huhitaji wakili. Ukiwa mwanachama, afisa wa chama anaweza kukaa nawe mezani. Madai mengine, kama ya mshahara, yana siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima utoe sababu ya maana, na nimeona wasichana wengi wakikwama hapo kwa kuwa sababu yao ya kweli ilikuwa woga.

Sasa mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Ikifika mbele ya Tume naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Umetembea na aibu ya kukosa mkataba miezi minane, na kumbe kosa lilikuwa la mwenye nyumba.

Tupige hesabu, maana nataka uingie pale unajua namba zako. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayekuja asubuhi na kurudi kwake. Amri hubadilishwa, kwa hiyo uliza ofisini kiwango cha miezi uliyofanya kazi. Mimi nahesabu kwa hiki ili usikubali pungufu yake. Miezi mitatu hujalipwa: 180,000. Miezi mitano ulilipwa pungufu ya 10,000 kila mwezi: 50,000. Hukupewa notisi ya siku 28, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni sawa na mshahara wa mwezi: 60,000. Hapo ni 290,000. Ongeza likizo uliyoichuma, ambayo sheria inaihesabu siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Na kama alikutoa Kondoa, yeye au dalali aliyemtuma, kuna na gharama za safari. Yeye ndiye anayedaiwa nauli yako ya kukurudisha Kondoa na mizigo yako, pamoja na gharama za kujikimu kwa siku unazokaa ukiisubiri nauli hiyo. Wengi hawajui hilo. Lidai.

Zaidi ya hayo, umevuka miezi sita kazini, kwa hiyo anatakiwa aeleze kwa nini alikuachisha na alifuata utaratibu gani. “Ameota mapembe” si sababu inayotambuliwa na sheria yoyote.

Kuhusu neno “nakuwekea”, nina la kwangu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Magomeni, na mama wa pale alikuwa na neno hilo hilo. Aliniwekea miaka minne. Siku naondoka nilipewa kanga doti mbili na sanduku la bati, na nikaambiwa nishukuru kwa kuwa nilikuja sijui hata kuwasha jiko la umeme. Nilishukuru. Nilipiga magoti kabisa. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba nilikuwa nimeibiwa, kwa sababu yaliyoondoka sikuwahi kuyashika mkononi.

Lakini bombani pale Magomeni kulikuwa na msichana mwingine, mkubwa kwangu kidogo, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa na kalenda ya duka, ile ya karatasi moja yenye picha juu, ameipachika nyuma ya mlango wa stoo. Kila siku aliyofanya kazi aliweka mkato. Siku aliyolipwa alizungushia duara. Hakuwa amemaliza darasa la saba. Alipofukuzwa akaikunja ile kalenda akaenda nayo ofisi ya kazi, na bosi wake alipoitwa akakuta miezi saba isiyo na duara imetandazwa mezani. Alilipwa. Mimi niliyejua kuandika insha sikuwa na hata mstari mmoja.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, kaa na rafiki yako hapo Kimara mwandike: tarehe uliyoanza, tarehe na kiasi cha kila malipo, ujumbe wa M-Pesa uliobaki kwenye simu, jina la muuza duka aliyekuwa anakuona kila siku, mlinzi wa jirani aliyekuona umesimama nje na mfuko saa mbili usiku. Huyo mlinzi ni shahidi wako. Mtafute.

Shangazi, mimi niko Dodoma. Nimevunja jagi la blenda wakati naliosha. Bosi amesema ni 25,000 na mwezi huu hanilipi kitu, na mwezi ujao ataangalia. Mshahara wangu ni 80,000. Ni haki?
*Msichana wa Area D*

Hapana. Kuna masharti, na yote lazima yatimie: hasara iwe imetokana na kosa lako, akuandikie sababu na kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na asizidishe thamani halisi ya kitu. Hata vikitimia vyote, makato ya aina hiyo hayavuki robo ya mshahara wako wa fedha taslimu. Robo ya 80,000 ni 20,000. Kwa hiyo hata ukikubali kwamba ulizembea na jagi kweli ni 25,000, mwezi huu anakata 20,000 na unashika 60,000 mkononi; 5,000 inabaki ya mwezi ujao. Mwambie taratibu, mbele ya baba mwenye nyumba kama ni mtu wa kusikiliza. Akikataa, ofisi ya kazi ya mkoa ipo hapo hapo mjini.

Dada, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, nina watoto wawili, mdogo ana miezi kumi. Msichana ninayeishi naye ameanza kuniomba Jumapili mchana kwenda kwenye mkutano wa wafanyakazi wa nyumbani. Simnyanyasi, ninakula naye meza moja. Lakini naogopa watamharibu, arudi ananidai mambo nisiyoyaweza. Mshahara wangu nao unaujua. Na akitoka Jumapili, mtoto nimwachie nani?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza kwa moyo, nami sitakuficha kitu.

Chukua karatasi yako ya mshahara. Kuna mstari wa makato ya chama. Kila mwezi unakatwa, na mara nyingine unanung’unika, lakini madaraja yenu yalipocheleweshwa ni nani alisimama kuyasemea? Wewe unajua nguvu ya kuwa wengi kwa sababu unaitumia. Binti aliye jikoni kwako anaomba kile kile ulicho nacho. Kifungu cha 9 cha sheria ile ile ya 2004 kinampa haki ya kujiunga na chama, na kumwachisha mtu kwa sababu ya uanachama ni kinyume cha sheria. Sisemi kwamba ulitaka kumwachisha. Nasema ili ujue mahali mpaka ulipo.

Unaogopa atakudai usiyoyaweza. Basi tuyatazame kabla hajayadai. Anaamka saa ngapi? Kama unaingia shuleni saa moja, nadhani anaamka saa kumi na moja. Analala saa ngapi? Kama mtoto anakesha, si kabla ya saa nne. Hizo ni saa 17. Ondoa saa nne za kupumzika na kula, kama anazipata kweli, zinabaki 13. Sheria inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe moja na nusu. Inasema pia apumzike saa 24 mfululizo kila wiki. Yeye amekuomba mchana mmoja.

Kula meza moja ni jambo zuri na nakuheshimu kwa hilo. Nilikula sakafuni miaka mingi, najua tofauti. Ila meza haiwezi kuwa badala ya mapumziko, na mapenzi hayawezi kuwa badala ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa mshahara wa 60,000 mchango mzima ni asilimia 20, yaani 12,000. Mkigawana nusu kwa nusu, wewe unatoa 6,000. Ukiugua wewe, una bima. Akiugua yeye, ana wewe peke yako, nawe una mshahara wa mwalimu.

Kuhusu mtoto: hapa ndipo unapoumia kweli, na si kosa lako. Serikali imekupa kazi ya siku nzima na likizo ya uzazi ya siku 84, kisha ikaacha suala la mtoto wa miezi kumi kama siri ya nyumba yako. Wewe ukalimaliza kwa kumtwisha binti huyo. Mama zangu wa chama wananilaumu nikisema hivi, lakini ninaamini mwajiri wa aina yako anapaswa kuwa upande wetu. Vituo vya kulelea watoto karibu na mashule vikidaiwa na walimu pamoja na wasichana wao, nani atawapuuza? Kwa sasa, ongea na mwalimu mwenzio wa jirani. Jumapili hii wewe ukae na watoto wote, yeye akae ijayo, wasichana wote wawili wawe huru. Na siku akirudi mkutanoni muulize wamejifunza nini. Kaa chini umsikilize mpaka amalize.

Jirani yangu hapa Mwanza ameleta binti wa kazi, anasema ana miaka 15. Mimi namwona ana 12. Anachota maji saa kumi na moja alfajiri na usiku saa tatu bado anauza karanga kibarazani. Niingilie?
*Mama jirani, Nyakato*

Ingilia. Chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Hata angekuwa na hiyo 15, mtoto hafanyi kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi; Sheria ya Mtoto ya 2009 imelisema wazi. Piga 116, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usimwendee jirani kwanza, kwa sababu atamhamisha usiku na hutamwona tena. Nimewahi kufanya kosa hilo. Mtoto yule sikumpata mpaka leo.

Shikamoo shangazi. Sisi tuko wanne mtaa mmoja Kijitonyama, nyumba tofauti. Tunakutana dukani na asubuhi tukipeleka watoto kwenye basi la shule. Mwenzetu mmoja amepigwa na bosi kwa pasi ya umeme, ya moto. Tumesema sasa basi. Tunataka kuanzisha chama. Tuanzie wapi? Tukikamatwa je?
*Wanne, Kijitonyama*

Marahaba wanangu. Kwanza huyo aliyepigwa. Aende polisi achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe, na jeraha lipigwe picha na simu ya mtu ambaye bosi hamfahamu. Kuchoma mtu ni jinai, haisubiri chama. Mmoja wenu amsindikize. Asiende peke yake hata kidogo.

Kisheria, chama kipya kinaanzishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Ninyi hamna haja ya kuanza huko. Chama cha wafanyakazi wa nyumbani kipo, kinaitwa CHODAWU, kinachukua pia wa mahotelini. Kujiunga si kosa na hakuna wa kuwakamata kwa hilo. Lakini sitaki mwende ofisini wanne mkajaze fomu mkarudi kila mtu ndani ya geti lake. Fomu haimtetei mtu saa tano usiku. Anayekutetea ni yule wa geti la pili anayejua kwamba leo hujaonekana dukani.

Basi hesabuni mageti. Chukueni mtaa wenu, kuanzia dukani kwa Mangi hadi kona ya saluni, muandike kila nyumba: ina msichana? Anatoka saa ngapi? Anapenda kusali wapi? Kuna wasioruhusiwa kutoka kabisa; hao mnawapata siku ya gari la taka, kwa sababu hata bosi mkali hapeleki taka mwenyewe. Mimi nimeandikisha wanachama wengi zaidi kwenye gari la taka kuliko kwenye ukumbi wowote. Kuna wa jumuiya, kuna wa msikitini, kuna anayetumwa nyama kila Jumamosi na kusimama foleni nusu saa buchani. Nusu saa ni nyingi.

Mkimpata, msitaje chama. Muulizeni, “Umelipwa lini mara ya mwisho?” Kisha mnyamaze. Mtu aliyefungiwa ndani miaka miwili akiulizwa swali hilo kwa upole ataongea mwenyewe. Msimwahidi kitu. Mrudi wiki ijayo kama mlivyosema, na siku ile ile.

Msichange hela mwanzoni. Hili nawaomba sana. Mwaka wangu wa kwanza wa kuhamasisha nilikusanya shilingi mia tano mia tano kwa wasichana kumi na wawili Sinza, kwa ajili ya daftari na nauli. Aliyeshika fedha akafukuzwa kazi akarudi kwao Njombe ghafla, na fedha zikaondoka naye. Hakuwa mwizi, alitolewa usiku kama huyu dada wa barua ya kwanza. Lakini kumi na moja waliobaki hawakuja tena, na sikuwalaumu. Ada ya chama italipwa ofisini kwa risiti, muda ukifika. Kabla ya hapo toleeni muda.

Kundi la WhatsApp ni zuri, ila jueni simu zenu zinapekuliwa. Nawajua waliopekuliwa na kufukuzwa. Lipeni kundi jina la kawaida, la kupika au la kusuka, na mambo mazito myaseme uso kwa uso.

Halafu mkubaliane jambo moja la mtaa, moja tu. Kwa mfano: hakuna wa mtaa huu anayeingia kazini chini ya kiwango cha amri, na dalali akileta msichana mpya wa 30,000, ninyi ndio mnaomwambia kiwango siku ya kwanza akija dukani. Madalali wanaishi kwa sababu mgeni hajui. Akiambiwa mapema, kazi yao inakuwa ngumu.

Mtaambiwa kazi za ndani hazina chama, hazijawahi kuwa nacho. Muwajibu kwamba Desemba 1956, wakoloni wangali hapa, wafanyakazi wa majumbani na mahotelini waligoma Dar es Salaam hii hii. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu. Wengi wa wagomaji walikuwa wanaume, walioitwa maboi hata wakiwa na wajukuu. Tarehe 16 Juni 2011 Geneva, kwenye mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, ukapitishwa Mkataba namba 189 wa kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani, kura 396 zikikubali na 16 zikikataa. Na miaka miwili baadaye, Oktoba 2013, wafanyakazi wa nyumbani wa nchi nyingi walikutana Montevideo wakaunda shirikisho lao la dunia, na rais wao wa kwanza akawa Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini. Mama huyo alikuwa mtumishi wa ndani Cape Town wakati wa ubaguzi. Alisoma gazetini yaliyoandikwa kuhusu watumishi, akakasirika, akaandika barua kwa gazeti. Ninyi mmeandika kwa jarida.

Jumapili ya kwanza kutaneni hapo hapo dukani, nusu saa, wanne wenu na daftari moja la kurasa 48. Ukurasa mmoja kwa kila geti. Asiyejua kuandika achore mkato na duara. Mkifika ukurasa wa kumi niandikieni tena, mniambie mangapi mmeyafikia na mangapi yamefungwa. Nitapanda daladala nije mwenyewe, siku ya gari la taka.